Maswali na majibu: namba 2,147,483,647

Katika safu iliyopita niligusia namba 2,147,483,647, yaani 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Nilisema mambo mawili tu: kwamba ni namba tasa, na kwamba ndiyo namba kubwa kuliko zote inayokaa katika nafasi ya kompyuta ya biti 32 (biti ni tarakimu moja, 0 au 1) yenye alama ya chanya au hasi. Maneno hayo mawili yameleta maswali mengi kuliko makala yote yaliyobaki. Nimechagua yanayofundisha kitu, na machache yanayorudi kila mara kwa sababu watu hawasomi majibu ya wenzao. Namba tasa ni nini, msomaji wa safu hii anajua, sianzii huko.

Swali: Nimeigawanya kwa 2, 3, 5, 7, 11 na 13, zote zimebakiza. Basi ni tasa, sivyo?

Ni tasa, lakini si kwa sababu hiyo. Kwa kipimo chako 2,047 nayo ingekuwa tasa: haigawanyiki kwa 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17 wala 19. Kumbe ni 23 × 89. Wengi wanaoniandikia hawakosei kugawanya, wanaacha mapema. Kugawanya kunaruhusiwa kukoma pale tu unapofikia kipeuo cha pili cha namba yenyewe, na kipeuo cha pili cha hii yetu ni 46,340 na ushei. Chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Umejaribu sita.

Njia hiyo ndefu imewahi kutembewa. Pietro Cataldi, Mwitaliano, mwaka 1588 alithibitisha kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa kwa kugawanya namba moja baada ya nyingine. Ni kazi ya kuheshimiwa. Kisha akadai kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa namba tasa, na hapo hakuwa amegawanya. Katika vinne hivyo alipatia kimoja. Mwaka 1640 Fermat, mwanahisabati Mfaransa, alionyesha kwamba 47 inaigawanya 2²³ − 1 na 223 inaigawanya 2³⁷ − 1. Baadaye Euler, mwanahisabati Mswisi, akaivunja 2²⁹ − 1: ni 233 × 1,103 × 2,089. Ikabaki 31 peke yake, na kupatia kwa kubahatisha hakuhesabiki kuwa kujua.

Euler ndiye aliyeimaliza, na namna alivyoimaliza ndiyo ninayotaka uichukue. Kabla ya kugawanya chochote, aliuliza: kama namba hii ina kigawo, kigawo hicho lazima kiweje? Kigawo chochote tasa cha 2³¹ − 1 kikigawanywa kwa 62, ambayo ni mara mbili ya 31, lazima kibakize 1. Kikigawanywa kwa 8, lazima kibakize 1 au 7. Unganisha masharti hayo mawili: kikigawanywa kwa 248 kinabakiza ama 1 ama 63, na si kingine. Namba za umbo hilo hadi 46,340 hazifiki 375, na ukiziondoa zisizo tasa zinabaki pungufu ya mia moja. Ya kwanza ni 311: ukiigawanya namba yetu kwa hiyo, inabakiza 35. Ya pili ni 1,303, inabakiza 226. Endelea hadi mwisho na hakuna hata moja itakayobakiza sifuri. Euler alieleza matokeo hayo katika barua ya mwaka 1772, na kwa miongo mingi hakuna aliyeonyesha namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Kwa hiyo usiniandikie tena kwamba umegawanya kwa sita ukaridhika.

Swali: Umesema 2,147,483,647 ni tasa. Naomba uniorodheshee vigawo vyake vyote.

Ni 1 na yenyewe. Swali lako lenyewe lilianza kwa kusema ni tasa.

Swali: Namba 1 ni tasa au si tasa?

Si tasa. Naweka sababu ili swali hili lipumzike. Kila namba kubwa kuliko 1 inavunjika kuwa namba tasa kwa namna moja tu: 12 ni 2 × 2 × 3. Ukiiruhusu 1 iwe tasa, 12 inakuwa pia 1 × 2 × 2 × 3, na 1 × 1 × 2 × 2 × 3, bila mwisho, na kanuni yote inabomoka.

Swali: Nimejumlisha tarakimu zake nikapata 46. Nne na sita ni kumi. Moja na sifuri ni moja. Namba kubwa kiasi hiki kurudi kwenye 1 si bure. Siri yake ni nini?

Hakuna siri. Kujumlisha tarakimu mpaka ibaki moja ni njia ya mkato ya kupata baki la kugawanya kwa 9. Kila namba ina baki, na katika kila namba tisa zinazofuatana, moja inarudi kwenye 1: 10 inarudi, 19 inarudi, 28 inarudi, 1,000 inarudi. Anayekuuzia maana ya jumla ya tarakimu zako anakuuzia baki la kugawanya kwa 9, na hilo unaweza kulipata nyumbani bila kulipa.

Nimelisema hili mara nyingi na nitalisema tena: kuna sifa za namba, na kuna sifa za mwandiko wake. Utasa ni sifa ya namba. Chukua kokoto 2,147,483,647, zimwage chini, usiziandike popote: bado huwezi kuzipanga katika safu zilizo sawa, isipokuwa safu moja ndefu. Jumla ya 46 ni sifa ya mazoea yetu ya kuandika kwa kizio cha kumi, yaani kwa tarakimu kumi, 0 hadi 9. Iandike namba hiyohiyo kwa kizio cha nane, inakuwa 17777777777, na jumla ya tarakimu inakuwa 71. Iandike kwa kizio cha pili, inakuwa 1 zilizopangwa mfululizo, thelathini na moja, bila sifuri hata moja. Namba haijabadilika kwa lolote. Maana iliyobadilika pamoja na kizio haikuwa ya namba.

Sidharau mwandiko, kwa kuwa mwandiko mzuri hufichua jambo. Zitazame zile 1 thelathini na moja. Kama zingekuwa sita, yaani 111111, ungezikata katikati ukapata 111 na 111, na hapo hapo ungeona kwamba 111 inaigawanya namba nzima. Kwa mwandiko wetu wa kawaida: 63 ni 7 × 9. Idadi yoyote ya 1 inayokatika katika vipande vilivyo sawa, vyenye zaidi ya 1 moja, inakupa kigawo papo hapo. Thelathini na moja haikatiki hivyo, kwa sababu 31 yenyewe ni tasa. Hilo halitoshi kuifanya namba yetu kuwa tasa (kumbuka 2,047, ambayo ni 1 kumi na moja), lakini bila hilo isingekuwa na nafasi kabisa.

Swali: Je, kikomo cha biti 64, yaani 9,223,372,036,854,775,807, nacho ni tasa?

Hapana. Ni 2⁶³ − 1, na 63 inakatika katika vipande vya tatutatu. Kwa hiyo 7 inaigawanya.

Swali: Namba hii inasomwaje kwa Kiswahili? Tumebishana.

Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba.

Swali linaonekana dogo, lakini hapa ndipo namba zetu zinapoteleza. Mtu akikwambia "elfu mia nne na tatu", amekupa 403,000 au 400,003? Msemaji ana hakika, msikilizaji ana hakika, na kila mmoja ameondoka na namba yake. Pale kwenye maelfu na mamilioni, lile "na" halisemi linaunganisha wapi. Neno la kutuokoa tunalo, nalo ni laki. "Laki nne na elfu tatu" ni 403,000, haliwezi kuwa jambo lingine. Hivyo mimi ningeisoma namba yetu: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne, elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Watu wazima wanaona laki ni neno la mitaani na kulikwepa wanapozungumza rasmi. Wanakosea. Ni neno sahihi zaidi katika sentensi nzima. Na pale ambapo kosa lina gharama, kwenye mkataba au hati ya malipo, weka maneno na tarakimu pamoja.

Swali: Kwenye hifadhidata ya kazini nimekuta wateja wengi wenye namba moja ya simu, 2147483647. Ni matapeli?

Wateja hawana kosa. Aliyeunda jedwali aliifanya safu ya simu kuwa ya namba kamili ya biti 32. Biti moja inachukuliwa na alama, zinabaki 31, na zote 31 zikiwa 1 ndiyo hiyo namba unayoiona. Ukiingiza kubwa zaidi, mifumo mingine hukataa na kukuonya. Mingine huikata mpaka kikomo na kunyamaza. Wenu umenyamaza. Namba halisi za wateja hao hazimo tena humo, kwa hiyo tafuta fomu za awali leo, kabla mtu hajazitupa.

Halafu badilisha safu hiyo iwe ya maandishi. Namba ya simu si namba! Hakuna anayejumlisha simu mbili, hakuna anayetafuta wastani wa simu, na sifuri ya mwanzo, ambayo katika hesabu haina uzito, katika simu ikipotea umempoteza mtu. Vivyo hivyo namba za vitambulisho na za akaunti. Kitu usichokusudia kukijumlisha, kihifadhi kama maandishi.

Swali: Nimepokea ujumbe kwamba mwaka 2038 kompyuta zote zitazimika kwa sababu ya namba hii. Ni kweli?

Namba na mwaka ni vya kweli, "zote" na "zitazimika" vimeongezwa njiani. Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde tangu kuanza kwa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za UTC, yaani saa za pamoja za dunia. Sekunde 2,147,483,647 ni siku 24,855, saa 3, dakika 14 na sekunde 7. Hesabu hiyo inatimia tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 UTC. Sekunde inayofuata, kihesabu cha biti 32 hakina pa kwenda. Kinageuka kuwa −2,147,483,648, na mashine inaamini ni tarehe 13 Desemba 1901. Kinachotokea baada ya hapo kinategemea programu ilikuwa inafanya nini na tarehe hiyo.

Mifumo inayohesabu muda kwa biti 64 haiguswi. Hatari iko kwenye vifaa vilivyofungwa ukutani na kusahauliwa, kwenye faili za zamani zilizohifadhi muda kwa biti 32, na kwenye programu ambazo aliyeziandika hayupo tena. Wala usingoje 2038: programu inayokokotoa mkopo wa miaka 30 ilishakipita kikomo hicho siku nyingi. Nyie mnaosambaza ujumbe wa kutisha, mngetumia dakika hizohizo kuuliza ofisini mwenu muda unahifadhiwa kwa biti ngapi, mngekuwa mmefanya kazi ya maana.

Swali: Nimeandika programu ya kupima namba tasa. Inachukua 2, inaipandisha kwa kipeo n − 1, inagawanya kwa n. Baki likiwa 1, inasema n ni tasa. Imeikubali 2³¹ − 1, lakini imeikubali pia 2,047. Kosa liko wapi?

Hili ndilo swali bora kuliko yote ya safari hii, na nakupongeza kwa kuijaribu programu yako kwa namba ambayo jibu lake ulikuwa unalijua. Wengi hawafanyi hivyo.

Kosa haliko kwenye programu. Umeisoma kanuni kinyumenyume. Fermat alisema: kama n ni namba tasa isiyo 2, baki ni 1. Hakusema kwamba baki likiwa 1, n ni tasa. Ndogo kuliko zote inayopenya kwenye mlango wako ni 341, ambayo ni 11 × 31. Fuatilia mwenyewe: 2¹⁰ ni 1,024, na 1,024 ni 341 mara tatu, baki 1. Basi 2³⁴⁰, ambayo ni 2¹⁰ kwa kipeo cha 34, nayo inabakiza 1.

Kwa namba za umbo la 2ᵖ − 1 hali ni mbaya zaidi. Kila moja yenye kipeo tasa hupita, iwe tasa au isiwe. Iite namba hiyo M. Ukiigawanya 2ᵖ kwa M unabakiza 1, kwa sababu M iliundwa kwa kuitoa 1 kwenye 2ᵖ. Sasa tazama M − 1: ni 2ᵖ − 2, na kwa kanuni ileile ya Fermat hiyo ni kigawe cha p. Kwa hiyo 2 kwa kipeo cha M − 1 lazima ibakize 1. Kipimo chako kilipoikubali 2³¹ − 1 hakikuwa kimepima chochote.

Kipimo kinachofaa kilianzishwa na Édouard Lucas na kusafishwa na Derrick Lehmer, na kinakaa katika mistari michache. Kwa p tasa kubwa kuliko 2: anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, chukua baki la kugawanya kwa M. Rudia hivyo mara p − 2. Ukiishia kwenye sifuri, M ni tasa. Usipoishia kwenye sifuri, si tasa. Hapa hakuna "labda", na kanuni hii inasomeka pande zote mbili. Kwa M = 31: 4, 14, 8, 0. Ni tasa. Kwa 2,047: 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282, 1,736. Si sifuri, si tasa. Kwa namba yetu unarudia mara 29 tu, pungufu hata ya kazi ya Euler. Iandike upya programu yako hivyo.

Utaona jambo la ajabu: kipimo hiki kinakwambia namba inavunjika bila kukuonyesha inavunjikia wapi. Marin Mersenne, ambaye namba hizi zinaitwa kwa jina lake, mwaka 1644 aliiweka 67 katika orodha ya vipeo vinavyotoa namba tasa. Mwaka 1876 Lucas alionyesha kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, bila kutoa kigawo hata kimoja. Ilichukua miaka 27 mpaka Frank Nelson Cole, mwaka 1903, alipovileta: 193,707,721 × 761,838,257,287. Zidisha kwa mkono, kwenye karatasi. Ukifika mwisho utakuwa unajua jambo hilo kama Cole alivyolijua.

Swali: Haya yote yana faida gani?

Mwaka 1811 Peter Barlow, Mwingereza, aliandika kuhusu namba kamilifu inayozaliwa na namba yetu. Namba kamilifu ni ile inayolingana na jumla ya vigawo vyake vyenyewe ukiiacha yenyewe, kama 6, ambayo ni 1 + 2 + 3. Euclid alionyesha kwamba kila namba tasa ya umbo la 2ᵖ − 1 inazaa moja, na yetu inazaa ya nane: 2,305,843,008,139,952,128. Barlow aliona kwamba hakuna atakayetafuta kubwa zaidi, kwa kuwa namba hizi ni za kustaajabisha tu, hazina matumizi. Leo zinajulikana 52. Namba tasa kubwa kuliko zote inayojulikana ilipatikana mwaka 2024, ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1, na ina tarakimu 41,024,320.

Kuhusu matumizi pia alikosea. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza njia ya kutengeneza namba nasibu kwenye kompyuta: chukua namba, izidishe kwa 16,807, chukua baki la kugawanya kwa 2,147,483,647, rudia. Kwa kuwa kigawanyi ni tasa na 16,807 imechaguliwa vizuri, mfuatano unapitia namba zote 2,147,483,646 kabla ya kurudi ulikoanza. Ni njia nzuri kwa michezo na majaribio madogo. Usiitumie kamwe kutengeneza nywila au funguo za siri: anayejua namba moja anajua zote zinazofuata.

Swali: 31 yenyewe ni 2⁵ − 1, na ni tasa. Tukiifanya 2,147,483,647 kuwa kipeo, tutapata namba tasa nyingine?

Ungetamani iwe hivyo, na mwanzo unashawishi. Vipeo 3, 7, 31 na 127, ambavyo vyote ni vya umbo hilohilo, vinatoa namba tasa. Kinachofuata ni 8,191, na 2⁸¹⁹¹ − 1 si tasa. Yako, 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647, toa 1, ina tarakimu zaidi ya milioni 646, nayo si tasa: 295,257,526,626,031 inaigawanya. Kigawo hicho nacho kinatii sharti la Euler. Kitoe 1, ukigawanye kwa mara mbili ya 2,147,483,647, unapata 68,745 kamili. Kigawo chenyewe kigawanye kwa 8, kinabakiza 7.

Kuna mnyororo mwingine ambao haujakatika: 2 inatoa 3, 3 inatoa 7, 7 inatoa 127, na 127 inatoa namba tasa ya tarakimu 39. Ukiifanya hiyo ya tarakimu 39 kuwa kipeo, unapata namba ambayo hakuna karatasi wala diski duniani ya kuiandikia. Mpaka leo hakuna anayejua kama ni tasa. Lakini kipeo chake kikigawanywa kwa 4 kinabakiza 3, na 2 kwa kipeo cha namna hiyo huishia na 8 daima. Toa 1: tarakimu yake ya mwisho ni 7.